Kava la Teksi

Asubuhi ya Jumamosi, chai ikiwa bado ya moto, Breki alimwambia mkewe kwamba anataka kununua kava la gari. Alilisema huku uso ameuelekeza dirishani, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akachukua kipande cha mkate na kuanza kukitafuna taratibu. Mkewe aliweka kikombe chini bila kunywa.

Breki alikuwa dereva wa teksi. Jina hilo alipewa na wenzake wa stendi kwa kuwa alipunguza mwendo mapema kuliko dereva yeyote, hata barabara ikiwa tupu mbele yake. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja cha kushonea mtaa wa pili, na watu wote walimwita Fundi, hata mumewe. Walikuwa na mabinti wawili: mkubwa ameolewa mbali, mdogo bado yuko sekondari. Na walikuwa na gari, teksi ndogo nyeupe ambayo kwa miaka tisa ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha.

Kwa miaka hiyo tisa gari lililala uani, chini ya mbingu tupu. Jua lilikuwa limeipasua dashibodi ikawa kama kisigino kisichojua mafuta. Rangi ya paa ilibanduka magamba magamba. Mvua zikianza, maji yalipenya kwenye mpira wa kioo cha mbele na kulowesha zulia, na mara nyingi ni Fundi aliyelianika zulia hilo kwenye kamba, pamoja na nguo za wateja. Kila alipotaja kava, Breki alimcheka. Gari la kazi, alikuwa akisema, halivalishwi shuka. Linatoka alfajiri na kurudi jioni. Utalifunika saa ngapi?

Sasa yeye ndiye anayelitaka. Na analitaka wiki ambayo gari halikutoka hata siku moja.

Kwa maelezo yake, gia ndiyo iliyokuwa na tatizo, na kifaa kilikuwa kimeagizwa. Fundi hakuzijua gia, lakini alimjua mumewe. Gari likiharibika, Breki alikuwa hakai: alishinda na mafuta meusi mikononi na simu sikioni, akigombana na makanika. Safari hii mikono yake ilikuwa safi, tena safi kupita kiasi. Kila asubuhi alitoka kwa miguu, na alasiri alirudi na hela kidogo, akisema amesaidiasaidia watu stendi.

"Unataka kuliuza?" Fundi akamuuliza.

"Nikiliuza tutakula nini?"

Fundi aliligeuzageuza jibu hilo kichwani. Lilikuwa jibu zuri, ila halikuwa hapana.

Breki alipoingia bafuni, Fundi alitoka uani akalizunguka gari kama anayekagua nguo ya mteja mkorofi. Upande wa kushoto alikuta kioo cha pembeni kimefungwa kwa utepe mweusi, na chini yake mchubuko mrefu ulioanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma. Amemgonga mtu, akajiambia. Amemgonga mtu na sasa analificha gari. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mchubuko ule, akakinyanyua juani. Kilikuwa na vumbi jekundu la tofali.

Akaenda mpaka langoni. Kwenye nguzo ya kushoto kwa anayeingia, usawa wa kioo, palikuwa na rangi nyeupe imejipaka kwenye tofali. Fundi aliiegemea nguzo ile na kushusha pumzi.

Lakini pumzi haikumaliza kushuka. Lango lile Breki alikuwa amelipita miaka tisa, kinyumenyume, mvuani, taa zikiwa zimezimika. Hakuwa mlevi. Mtu kama huyo hagongi nguzo ya nyumbani kwake ila awe na mawazo mengi, na mawazo ya mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Fundi alijiambia akirudi ndani, aghalabu yana namba ya simu.

*

Walikwenda dukani kwa miguu. Walipofika kuvuka barabara kuu, Breki alimshika mkono. Hilo nalo Fundi alilitia kwenye hesabu yake. Tangu waoane, mumewe hakuwahi kumshika mkono mbele za watu, na alikwishasikia wanawake wengi, wamesimama chumbani kwake wakipimwa nguo, wakisema kwamba mwanaume huanza upole pale anapokuwa na kosa.

Duka lilikuwa la vifaa vya magari, jembamba na refu, limening'inizwa mikanda na mipira mpaka darini. Mwuzaji alikuwa mtu wa maneno. Aliwatandikia makava matatu juu ya kaunta na kuyasifu yote kwa mpigo.

"Hili halipitishi jua, hili halipitishi mvua, na hili," akasema akipiga la tatu kofi, "halipitishi hata jicho la jirani."

La kwanza lilikuwa jembamba, la rangi ya fedha, na ndilo la bei rahisi. Fundi alilishika pembe, akaliinua usawa wa taa na kuutafuta mshono. Akaomba maji. Mwuzaji alicheka, lakini alimletea kikombe, na Fundi akayamimina katikati ya kava huku kiganja kikiwa chini. Kitambaa chenyewe kiliyazuia. Kwenye mshono yakaanza kudondoka, tone moja moja.

"Maji hayana shida na kitambaa," Fundi akasema. "Yanatafuta tundu la sindano."

La pili lilikuwa nailoni nzito kama turubai. Mwuzaji alisema hilo hata ulitumbukize mtoni halipitishi maji. Fundi hakubishana naye kuhusu mto. Alichotaka kujua ni unyevu unaopanda kutoka ardhini utatokea wapi, maana nguo mbichi ukiifungia kwenye mfuko inaota ukungu, na bati la gari nalo litaota kutu huko huko ndani wakati wao wanadhani limehifadhiwa. Mwuzaji akaacha kucheka. Taratibu alimsogezea la tatu. Lilikuwa la kijivu, limefumwa kwa kubanana nje na kuwekewa pamba laini ndani ili lisichubue rangi. Mishono yake ilikuwa imebandikwa utepe juu ya tundu za sindano. Pindoni lilikuwa na mpira, na mikanda miwili ya kupita chini ya tumbo la gari ili kuzuia upepo. Bei yake Fundi aliiuliza mara mbili.

Wakati huo wote Breki alikuwa akiyapapasa makava, moja baada ya jingine, uso umeelekea kwingine kama anayesikiliza redio.

"Hili ni la rangi gani?" akauliza.

"Si unaliona?"

"Nakuuliza wewe mwenye jicho la nguo."

Fundi akamjibu kwamba ni la kijivu. Breki akasema kijivu ni sawa, kijivu ni kizuri sana, na kwa namna alivyolisema mkewe alimtazama tena.

Mwuzaji alimkabidhi Breki mfuko wa kava na kumwomba asome vipimo vilivyoandikwa, aone kama vinalingana na gari lake. Breki aliupokea. Aliugeuza, akausogeza karibu na pua, akaupeleka mbali, akaurudisha kaunta.

"Soma wewe."

"Mbona ni maandishi makubwa tu, mzee."

"Nimekwambia soma wewe."

Mwuzaji akaelewa, au alidhani ameelewa. Aliinama juu ya kaunta, akapunguza sauti kidogo tu, kiasi cha watu wote kuisikia.

"Usione haya, mzee wangu. Hata baba yangu mimi hakupata bahati ya shule." Akaweka kidole juu ya mfuko na kuanza kumsomesha. "Hii ni nne. Hii ya pili yake, inayofanana na bata, hiyo ni mbili."

Mteja aliyekuwa akisubiri betri alicheka kifuani. Breki aliitikia kwa kichwa kila tarakimu, mpaka mwisho.

"Asante, kijana," akasema.

Masikio ya Fundi yalikuwa yakiwaka. Huyu ndiye mtu aliyewasomea gazeti kila Jumapili kwa sauti, kuanzia vifo mpaka michezo, hadi mwaka huu alipoacha akisema halina jipya, na aliyemrudishia binti yake insha kwa sababu ya herufi moja. Alifungua mdomo ili amweleze mwuzaji yule ni nani mjinga baina yao, lakini mumewe alimbana mkono kwa nguvu. Walilipa, wakatoka. Njia nzima Fundi alijiuliza swali lile lile. Mwanaume akikubali kumeza aibu kubwa kiasi hicho, mbele ya mkewe, anaficha aibu gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

*

Kava lililikaa gari vizuri. Walilivalisha pamoja, Fundi mbele na Breki nyuma, na Breki alizipata ndoano za mikanda bila hata kuinama kuzitazama. Jirani alipita akauliza kama gari linaumwa, akacheka peke yake. Mvua ilinyesha siku ya tatu, mchana kutwa, na ilipokatika Fundi aliinua pindo na kutia mkono. Ndani palikuwa pakavu kabisa. Alilishusha pindo akiwa na hasira, kana kwamba alitaka kulikuta limevuja.

Alianza kuhesabu mambo. Breki hakumpeleka tena binti yao shuleni. Alimwambia kutembea ni afya. Simu za wateja zilipoita, alisikiliza sauti kwanza ndipo ajibu. Alikaa kiti kile kile, alipita njia ile ile kati ya meza na mlango, na Fundi akisogeza stuli akifagia, aligombezwa. Yote hayo aliyapanga kama vipande vya kitambaa mezani, na kila alivyoyaunganisha yalitoka nguo moja: mwanamke.

Ndipo mkunga akaja.

Mkunga alikuwa mteja wa Breki kwa miaka minne. Breki alimchukua nyumbani kwake kila asubuhi na kumfikisha zahanati. Siku hiyo mkunga alimletea Fundi gauni lake la kazi lipandishwe pindo. Alisimama mbele ya kioo, Fundi kapiga magoti na pini mdomoni, na mkunga akauliza Breki anaendeleaje.

Fundi akatoa pini mdomoni. "Anaendeleaje na nini?"

"Nauliza tu. Na kazi."

"Wewe ndiye unayepanda gari lake kila siku."

"Sijalipanda tangu Alhamisi ile," mkunga akasema. Alipoona uso wa Fundi ndani ya kioo, alijua amesema kitu ambacho hakikuwa kimesemwa.

"Alhamisi ipi?"

"Muulize mwenyewe, dada. Mimi nilimpa neno langu."

Fundi hakumuuliza zaidi. Alilishona pindo lile kwa mkono, sindano fupi fupi zilizolingana, vizuri kuliko alivyotaka kumshonea mwanamke yule. Alimtoza bei kamili. Mkunga alipoondoka, alifunga chumba saa tisa alasiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila msiba, akaenda nyumbani.

Alifungua mikanda ya kava, akalikunja hadi paani, na kuingia garini kwa ufunguo wa akiba. Alitafuta hereni. Alitafuta risiti, kitambaa cha kichwa, harufu. Alitia mkono chini ya viti na kutoa sarafu na maganda ya karanga. Katika sanduku la dashibodi, nyuma ya vitambaa vya kufutia, alikuta vichupa vitatu vidogo vya dawa ya matone, viwili vitupu, na kadi ya hospitali iliyokunjwa mara nne.

Mwandiko ulikuwa wa haraka, lakini yale ya maana yalisomeka. Kliniki ya macho. Presha ya macho. Kushoto haoni. Kulia, nusu. Chini kabisa, neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari mara mbili: ASIENDESHE. Fundi alitafuta tarehe, akaihesabu kwa vidole. Miezi saba.

Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Hakuna mwanamke. Alikaa na nafuu hiyo kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha akaionea haya. Halafu miezi saba ile ikaanza kumpitia mbele ya macho, siku kwa siku. Binti yake, kiti cha mbele, begi mapajani, asubuhi zote. Mkunga. Wajawazito aliowakimbiza zahanati. Yeye mwenyewe na wifi zake watatu, wamejibana kiti cha nyuma kwenda kuzika, wakizungumza na kucheka njia nzima nyuma ya mtu asiyeona upande mmoja.

Alishuka. Lango likalia, na Breki akaingia uani.

Aliufuata ukuta kwa vidole, akahesabu hatua zake, akasimama. Labda upepo ulilipigapiga kava lililokunjwa paani, au labda alisikia mtu anapumua.

"Nani yupo?" akauliza.

Fundi alikuwa hatua nne kutoka kwake, kushoto, kadi mkononi. Hakujibu. Hakupanga kumtega, lakini alinyamaza, akamtazama mumewe akimtafuta: kichwa kimeinama upande, macho yanapita juu yake, yanarudi, yanapita tena. Alivumilia mpaka aliposhindwa.

"Ni mimi."

Breki alisimama pale pale. "Muda gani umesimama hapo?"

"Miezi saba," Fundi akasema. "Mwaka huu wote nimesimama hapa."

Breki alitafuta ukingo wa gari kwa mkono akaegemea. Hakukana. Alimweleza yote, kwa mpangilio, kama anayetoa taarifa kituoni. Alidhani matone yatarudisha kilichopotea. Daktari alimwambia hayarudishi, yanazuia tu, lakini yeye alisikia alichotaka kusikia. Barabara zake alizijua, aliendesha kwa mazoea. Alhamisi ile, mtoto wa shule aliingia barabarani kutoka kushoto. Yeye hakumwona. Mkunga ndiye aliyepiga ukelele, na mguu wake ukakanyaga breki kwa kuufuata ukelele huo. Mtoto alipita zake, wala hakujua. Mkunga alimwambia akimwona tena kwenye usukani atakwenda polisi. Naye alimwomba mambo mawili: asimwambie mtu, na amwache alifikishe gari nyumbani tu.

"Hata hilo likanishinda," akasema. "Nikagonga nguzo."

"Na hela unazoleta?"

"Naosha magari ya wenzangu pale stendi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya mikono safi. Fundi aliitazama, ngozi imekunjamana kwa sabuni na maji, na huruma ikamjia. Akaimeza. Kulikuwa na jambo lililotangulia huruma.

"Ulimbeba mwanangu."

"Nilikwenda polepole. Mimi siku zote—"

"Ulimbeba mwanangu, na ulikuwa unajua."

"Ndiyo," akasema.

"Na hili kava?"

"Nilidhani likifunikwa mtaacha kuniuliza mbona halijatoka." Akapitisha kiganja kwenye paa, palipobanduka rangi. "Halafu ule weupe wake. Nikisimama dirishani watu siwaoni, kamba ya nguo siioni, lakini gari hili naliona, jeupe hivi, linaningoja. Nimechoka kuliona. Hilo la kijivu silioni."

Fundi hakumkumbatia. Alimwekea kadi mkononi, akamwambia binti yao akirudi atamweleza mwenyewe kwa kinywa chake, bila kupunguza neno. Kisha aliingia ndani kukata vitunguu, ili akilia iwe kwa sababu ya vitunguu.

*

Binti alielezwa, na kwa siku tatu hakuzungumza na baba yake. Siku ya nne alianza kumsomea gazeti, bila kusema kwa nini, na alisoma vibaya makusudi mpaka baba akamrekebisha.

Fundi alikwenda naye kliniki. Daktari alirudia yale yale: kilichokwenda kimekwenda, kilichobaki kinaweza kudumu miaka mingi, sharti matone yasikosekane asubuhi na jioni. Mara ya kwanza Fundi alipomtilia, nusu ya dawa iliishia shavuni, na wote wawili walikasirika. Baada ya wiki aliweza kumtilia tone moja katikati, kama anavyotia uzi kwenye sindano. Lakini bado hakumwamini. Alikuwa akihesabu matone yaliyobaki kwenye kichupa kila asubuhi, Breki alijua anayahesabu, na hakuna aliyelizungumzia.

Mkunga ndiye aliyewaletea dereva. Fundi alikwenda zahanati kumwomba radhi kwa kumdhania vibaya na hakuweza kumaliza sentensi. Mkunga akamkatiza kwa kumuuliza kama gari lile litakaa limefunikwa mpaka lini. Dereva mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyezoea kuendesha gari la kusambaza mikate. Fundi alimshuku papo hapo. Alitaka kuona leseni, kisha alitaka kuigusa, kisha akataka kuongea na mwenye kiwanda cha mikate kwa simu. Dereva alijibu yote bila kununa. Breki alimweleza kwamba yeye amestaafu. Fundi alisikia neno hilo, akamtazama, akaliacha.

Jumatatu wakalivua kava wakamjaribu. Dereva akashika usukani, Fundi akakaa nyuma. Breki alizunguka gari kwa mkono mpaka mlango wa abiria, akauvuta na kuketi kiti ambacho kwa miaka tisa hakuwahi kukikalia. Alikisogeza nyuma, kisha mbele. Hakujua mikono aiweke wapi.

Wakatoka langoni salama. Breki alianza kuongea. Alimwambia gia ya pili ni ngumu asubuhi, asiilazimishe. Alimwambia hapo kwenye duka la rangi watu wanavuka bila kutazama. Mbele, kabla hata hawajakata kona, alimwambia kuna shimo kushoto, pana, alipitie kulia. Dereva akalipitia kulia. Akamwonya tuta lisilo na alama, kisha mfereji uliokula ukingo wa lami baada ya mteremko. Kila kimoja kilikuwa mahali pake. Fundi, kutoka nyuma, aliona mguu wa kulia wa mumewe ukikanyaga sakafu tupu kabla ya kila kona.

Dereva alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Mzee, una macho makali," akasema. "Lile shimo mimi nisingeliona kabisa."

Breki aligeuza uso dirishani. Fundi alijizuia. Angeweza kumjibia, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliushika mgongo wa kiti cha mumewe na kungoja, huku akijua kwamba akisikia uongo mwingine, hata mdogo, hata wa heshima, kuna kitu baina yao hakitashonwa tena.

"Sioni, mwanangu," Breki akasema. "Jicho hili limekufa, na hili linakwenda. Nakumbuka tu. Kwa hiyo mashimo ya zamani nitakuonyesha mimi, mapya utayatafuta mwenyewe."

Dereva akapunguza mwendo.